Marahaba ya Mtu wa Tunduma: Risala ya Mabibi wa Kibaraza cha Narung'ombe

Mgeni rasmi, Ndugu Rogath Tarsis, mwenye duka la jumla la magodoro linalotazamana na kibaraza chetu. Wazazi mliowahi viti na ninyi mliosimama juani. Watoto wetu, ambao mnaombwa kutoa vidole puani sasa hivi:

Hujambo. Tungependa kukuamkia kama ilivyo heshima ya mgeni, ila mdogo kabisa kati yetu ana miaka sitini na nane, na wewe hata mvi zako bado zinapiga hodi. Basi tunakusalimu kama mama anavyomsalimu mwanawe aliyependeza suti.

UKARIBISHO

Tunakushukuru kwa kuvuka barabara. Kutoka mlangoni kwako hadi hapa ni hatua kumi na saba, Bi Fortunata amezihesabu mwenyewe, lakini kwa bodaboda na mikokoteni ya mtaa huu, hatua kumi na saba ni safari. Tunajua mtu wa Kariakoo akiitwa mgeni rasmi, kitu cha kwanza hushika mfuko. Leo uachie. Ombi letu ni moja, halimalizi hata pumzi, na linamhusu Chiku, mtoto wa darasa la tatu, yule pale mbele mwenye gauni la njano. Ni mjukuu wa katibu wetu, Bi Zulekha, ambaye ndiye huyu anayekusomea. Ombi tumeliweka mwisho makusudi, usije ukaondoka mapema.

HISTORIA YA UMOJA

Umoja huu ulianza mwaka jana baada ya masika, Bi Fortunata alipohama Jangwani na kuja kupanga hapa. Maji yalichukua vyombo vyake vyote isipokuwa benchi, ambalo lilielea likamsubiri barabarani. Ndilo hilo ulilokalia. Usiogope, limekauka.

Jioni moja mabibi tumekaa juu yake tunachambua mchele, Chiku akatoka shule, akampita bibi yake bila kusimama, akasema, "Mambo."

Bi Zulekha akamuuliza, "Mambo gani?"

Chiku akafikiri kidogo. "Yale yale."

Bi Fortunata akaweka ungo chini. "Zulekha, mjukuu wako kakutwisha mambo, na hata hajasema ya nani."

Tukacheka mpaka mchele ukamwagika, halafu tukaacha kucheka. Tukaona kwamba wazazi wanafungua maduka alfajiri na kufunga usiku, na katikati hapo watoto wanalelewa na vipaza sauti vya wauza nguo. Ndipo tukakubaliana, mabibi sita, kwamba kila mtoto akitoka shule apitie kibarazani. Akifanya jambo la adabu, anatia kunde moja kwenye chupa ya kioo. Jumamosi tunazipika na nazi, tunakula wote. Asiyetia kunde hanyimwi sahani, ila anaambiwa amshukuru aliyetia, na hilo huwauma kuliko fimbo.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, watoto sasa wananawa mikono kabla ya kula. Wachache wananawa na baada ya kula, kwa kujionyesha. Twaha, mtoto wa fundi cherehani, amejifunza kusema "naomba". Analisema vizuri sana, kwa sauti, huku chapati ya mtu iko tayari mdomoni mwake. Neno amelijua, wakati wake bado. Wengine walikuwa wanaamkia kwa mahadhi ya vipaza sauti, "Shikamoo bibi, shikamoo, ingia ndani uchague." Tumewapunguza kidogo kidogo. Siku hizi wanaishia kwenye "ingia ndani".

Lakini aliyetushinda wote ni Chiku.

Bi Zulekha alimweka chini akamwambia, "Mjukuu wangu, shikamoo ni kama kubisha hodi. Mtu habishi hodi akakimbia, huo ni uhuni. Ukishamwamkia mkubwa, usiondoke mpaka aitikie marahaba." Chiku akasema amesikia. Tatizo la Chiku ni kwamba akisema amesikia, amesikia kweli.

Kesho yake akapita dukani kwa Severa, muuza madera. Mlangoni alisimama mama mmoja, dera jipya, nywele za bandia mpaka kiunoni, kaipa barabara mgongo. Chiku akamwamkia. Kimya. Akaamkia tena kwa sauti, akidhani mama ana matatizo ya kusikia. Kimya. Akatua begi lake chini, akasubiri. Kengele ya shule ikalia, yeye yupo. Severa alipotoka kupanga bidhaa akamkuta.

"We Chiku, unataka dera?"

"Hapana. Namsubiri mama huyu aitikie."

Severa ni mtu mzima, hakucheka. Akazunguka nyuma ya mdoli wake wa nguo, akabana pua, akasema, "Marahaba mwanangu, nenda shule." Chiku akachukua begi akaenda. Jioni akamsimulia bibi yake kuwa yule mama ni mpole, ila hapepesi macho.

Mwalimu alituletea barua kwamba mtoto amechelewa, na sababu aliyoitoa ni "nilikuwa naamkia". Kwa hiyo Bi Zulekha akarekebisha sheria: kabla ya kuamkia, hakikisha mtu anapumua. Tangu hapo Chiku husimama kwanza, akakutazama kifua, ndipo akaamkia. Mdoli hajamdanganya tena.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, hapa ndipo tunapokuja kwako, na tunaomba usibadilishe mkao.

Kila siku saa moja kasorobo unapita mbele ya kibaraza ukienda kufungua duka. Kila siku Chiku yupo hapo na sare yake. Alikuangalia siku ya kwanza, akajiridhisha kwamba unapumua, akakuamkia. Ukapita. Siku ya pili ukapita. Kwa kuwa wewe hukai, na yeye ameambiwa asiondoke, akawa anakufuata nyuma mpaka kwenye geti la duka. Humo ukaingia, yeye akabaki na magodoro.

Sisi tulikutetea. Tuliona vidude vyeupe masikioni mwako, tukadhani ni pamba, tukajua baba wa watu anaumwa masikio. Bi Fortunata akakusalia rozari siku tisa mfululizo. Bi Zulekha akakuombea kila baada ya swala. Tulipokuona unatembea unaongea peke yako na kurusha mikono, tukajua maradhi yamepanda kichwani, tukaongeza dua. Ni wajukuu waliotuambia kwamba ile ni simu. Dua zile hatukudai zirudishwe, zitakufaa mbele ya safari.

Jumatano moja mambo yakawa mazuri. Chiku akaamkia, nawe ukasema kwa sauti nzuri kabisa, "Marahaba, marahaba. Umeamkaje?"

Chiku akasema, "Salama."

Ukasema, "Mzigo umefika Tunduma?"

Chiku akasema, "Sijui."

Ukapita. Mtoto alikwenda shule anaruka. Jioni akatia kunde kwenye chupa, akatutangazia kwamba mzee wa magodoro ameitikia, na kwamba ana mzigo Tunduma, tumwombee ufike.

Twaha, ambaye mdomo wake haujui likizo, akasema, "Alikuwa anaongea na simu, we. Marahaba ile ya mtu wa Tunduma."

Watoto wote wakaangua kicheko. Bi Zulekha akamwangalia mjukuu wake, akitegemea machozi, na kanga ya kumfutia ameshaiandaa. Chiku hakulia. Akaiendea chupa, akaifungua, akatoa kunde moja. Akasema, "Basi hii siyo yangu."

Mgeni rasmi, hatukuwahi kumfundisha hilo.

Lakini Twaha akauliza, "Bibi, na mkubwa asipoitikia, naye anatoa kunde?" Wengi wetu tumeishia darasa la saba, na hata la saba hilo halikufika kwenye somo hili. Tangu siku ile chupa haijai. Watoto wawili wamerudi kwenye "mambo", mmoja amerudi kwenye "oya". Na juzi Jumapili, Bi Zulekha akimsuka Chiku kwa ajili ya sherehe hii, mtoto akasema bila kugeuka:

"Bibi, nitamwamkia kesho kutwa mara moja tu. Akinyamaza, naacha. Siamkii tena mtu."

"Hata mimi?"

Hapo akageuka. "Wewe nitakuuliza mambo, lakini kwa adabu."

MAOMBI

Hatuombi turubai, ingawa jua mnaliona. Hatuombi godoro, ingawa benchi hili, kama unavyolisikia sasa hivi, ni gumu. Mabibi tunaweza kufundisha neno la kwanza. Neno la pili hatuna uwezo nalo, linakaa midomoni mwenu ninyi mnaopita.

Kwanza, kama kidude cha sikio lolote bado kimo, tunaomba kitoke. Tutasubiri. Kusubiri tunakujua, Chiku ametufundisha.

Pili, risala hii ikiisha, Chiku atasimama mbele yako. Mkono wake wa kushoto ameufumba, ndani yake imo ile kunde ya mtu wa Tunduma. Hajaila wala hajaitupa, anasema anaitunza mpaka ipate mwenyewe. Atakuamkia. Usimwambie poa. Usimpe soda. Usimpapase kichwa, kasukwa juzi. Unajua kinachotakiwa, na tunajua unakiweza, maana Tunduma kilifika.

HITIMISHO

Mungu akufungulie biashara na masikio kwa pamoja. Magodoro yako yalaze watu usingizi mwema, na wewe mwenyewe ulale bila simu. Mzigo wa Tunduma, kama bado uko njiani, ufike mkavu. Watoto wa mtaa huu wakue, wawe wakubwa wanaoitikia.

Ni sisi wazazi wako wa ng'ambo ya barabara, Umoja wa Mabibi wa Kibaraza, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Imeandikwa na kusomwa na katibu, Bi Zulekha, ambaye sasa anavua miwani ili asione kitakachotokea.

Chiku, simama mjukuu wangu. Anapumua.