Zorobabel Syauswa, mfungaji wa bariere ya mvua

Wapendwa jamaa, majirani, wachungaji, madereva na wafanyakazi wa barabara mliokusanyika hapa Kimemi leo Jumamosi, tarehe 14 Desemba 2002, Jumatano iliyopita habari ilimkuta mama Orpa Kavugho nyuma ya nyumba, anatwanga sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni, mchi uko juu, jirani yake Berthe akaingia uani bila hodi na kusema, "Mama Éliakim, weka kwanza mutwangio chini," naye mama Orpa hakuuweka, aliuliza tu, "Ni Joyeuse ao ni baba yake?" kwa sababu Jumatano hiyo alikuwa anawangojea binti na mume wake, wote wawili.

Alikuwa baba yake, na historia yake ndiyo tunayoisoma mbele yenu.

Zorobabel Syauswa alizaliwa Vuhovi tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa tatu katika nyumba ya wakulima wa maharagwe na viazi, akabatizwa huko huko, akasoma shule ya msingi ya kanisa kuanzia 1958 hadi 1964, kisha akaanza sekondari hapa Butembo, lakini baba yao alipofariki mwaka 1966 alirudi kushika jembe ili mdogo wake Sikuli apate kuendelea na masomo, na Sikuli yuko hapa, anaweza kuwaambia kama ni uongo.

Tarehe 1 Juni 1971 aliandikwa kazi katika utumishi wa barabara, akawa kantonye, yaani mtunzaji wa kipande kimoja cha barabara ya Butembo kwenda Beni, na kipande chake kilikuwa mteremko wa Kavingu, pale ambapo gari linalotoka Beni hushuka kona tatu hadi kijito kabla ya kupanda tena kuja kwetu. Kazi yake ilikuwa kuzibua mitaro, kukata majani kwenye kona ili madereva waonane mapema, kufukia mashimo kabla hayajawa makaburi, na zaidi ya yote kufunga bariere ya mvua. Vijana wa leo wanajua bariere za pesa tu, kwa hiyo tueleze kwamba bariere ya mvua ni mti mmoja uliolazwa kukata barabara, mvua ikianza unashushwa, magari yanangoja mpaka udongo ukauke, kwa maana kamiyo moja, yaani lori, yenye mzigo ikipita juu ya udongo uliolowa inachimba mifereji miwili, maji yanafuata mifereji hiyo, na ya pili au ya tatu ndiyo inayoanguka na watu.

Madereva walimwita Papa Mvula, na dereva Zacharie Vagheni, mwenye maneno mengi kuliko mzigo, alizoea kutoa kichwa dirishani na kumpigia kelele, "Papa Mvula, wewe na Mungu munagawanyaka nini? Iye ananyesha, wewe unafunga!" naye alimjibu bila kucheka, "Iye ananyesha bure, na miye nafunga bure."

Tarehe 16 Agosti 1975 alifunga ndoa na Orpa Kavugho, nao wakajaliwa watoto wanne, Éliakim mwaka 1977, Joyeuse mwaka 1979, Jéthro mwaka 1983 na Élise mwaka 1987. Alikuwa baba mpole, lakini siku ya ubatizo wa Jéthro mvua ilianza wakati wa wimbo wa pili, na waliokuwepo wanakumbuka alivyonyanyuka, akachukua kofia yake na kuondoka, na mama Orpa akamshikilia mtoto peke yake mbele ya kanisa zima. Majembe yaliyozibua mitaro ya Kavingu yalitoka nyumbani, yakarudi yamelika, na shamba likangoja. Mama Orpa hakufurahia mambo hayo na hatutasema hapa kwamba alifurahia.

Vita ya kwanza ilipokuja mwaka 1996 mshahara ulikoma, na ya pili ilipoanza mwaka 1998 hata ofisi ikafungwa, wenzake wakarudi mashambani, yeye akaendelea. Mwaka 1999 askari walifika Kavingu, wakachukua mti wake wakaufanya wa kwao, jua kali wanafunga, mvua wanafungua kwa anayelipa, na alipokata mti mwingine na kuulaza chini zaidi walimpiga mpaka akavunjika meno mawili. Mama Orpa alimkanda kwa maji moto na kumwambia, "Barabara haiko ya baba yako. Acha." Alisema ataacha mti. Ndipo akaanza kutumia matawi mabichi, kama madereva wetu wote wanavyofanya gari likiwafia njiani, wanayalaza barabarani ili anayekuja nyuma apunguze mwendo, na kwa muda ilifaa, wakiona majani wanashika breki, wanamkuta amesimama, wanangoja.

Lakini mwaka jana wenye silaha nao waligundua kwamba majani yanasimamisha gari. Walilaza matawi yao upande wa msitu, walioshika breki hawakurudi, na madereva wakapatana kwenye parking hapa mjini kwamba kuanzia sasa ukiona majani usiguse breki, kanyaga mafuta. Zacharie mwenyewe alikuja mpaka Kavingu kumwonya, akamwambia, "Papa, majani ile hatusimamikie tena. Toka mu barabara," na baba Zorobabel akajibu, "Mutaniona miye. Sura yangu munaijua." Neno hilo alilirudia nyumbani, na hakuna aliyeweza kumtoa kwalo.

Joyeuse aliolewa Mbau, kaskazini ya Beni, mwaka 1999, ana watoto wawili. Jumatatu ya wiki hii, tarehe 9, tulisikia kwamba watu wa Mbau wanakimbia vita, wengine kwa miguu, wengine juu ya makamiyo yanayopita Beni bila kusimama, na kwamba wamemwona Joyeuse akiwatafutia watoto nafasi. Jioni hiyo baba Zorobabel alifunga nguo zake. Mvua za Novemba zilikuwa zimekula ukingo wa barabara kwenye kona ya mwisho ya Kavingu, na buze, lile bomba la saruji linalopitisha maji chini ya barabara, ilikuwa imeziba kwa miti, alikuwa ameizibua mara mbili peke yake ikaziba tena. Mama Orpa alisimama mlangoni akamwambia, "Uko na miaka makumi tano na moja, unakohoa, na hapana mutu anakulipa." Akajibu, "Mvula ikikuya, ile kona inaenda. Na Joyeuse ako juu ya kamiyo. Unajua ni kamiyo gani?" Mama Orpa hakujua. "Na miye sijue," akasema. "Basi nitasimamisha yote." Mama Orpa alimfungia ndizi za kuchoma, naye baba akaenda.

Jumatano tarehe 11, saa tisa za alasiri, mvua ilinyesha kule kama ndoo iliyopinduliwa, buze ikazidiwa, na nusu ya barabara kwenye kona ya mwisho ikaondoka pamoja na udongo wake. Watu wa kijijini walimwona akikata matawi, akiyalaza kwenye kona ya juu, kisha akashuka akasimama katikati ya barabara, karibu na pengo, amejifunika kichwa na mabega kwa kipande cha bashi, yaani turubai, nyeusi kwa sababu ya mvua, na hivyo sura ile aliyoitegemea haikuonekana. Kamiyo ya kwanza iliyotokea ilikuwa ya Zacharie, imejaa wakimbizi mpaka juu ya kabini. Zacharie aliona majani, akaona mtu aliyefunikwa kichwa, akakanyaga mafuta. Baba Zorobabel hakuruka pembeni, alivuta bashi kutoka kichwani na kuinua mikono, dereva akamtambua akiwa amechelewa, akakata usukani kuelekea mlimani, gari likamgonga kwa ubavu, likaingia katika mtaro alioupanua yeye mwenyewe, likalala limekata barabara yote, hatua chache tu juu ya pale palipokuwa hakuna barabara tena. Watatu walivunjika mikono. Hakuna msafiri aliyekufa.

Kamiyo zilizofuata zilikuta njia imezibwa zikasimama, moja nyuma ya nyingine, na Joyeuse alikuwa juu ya ile ya tatu, alishuka na watoto wake ili kujua wanangojea nini, akapita katikati ya watu, akamkuta Zacharie amepiga magoti kwenye matope, anamwita mtu aliyelala, "Papa Mvula, ni miye, fungua macho," na mtu huyo alikuwa baba yake.

Walimbeba kwa tipoyi, machela ya miti, kuvuka kijito, Zacharie amebeba upande mmoja na Joyeuse anatembea upande wa pili, wakapata gari ng'ambo, likamfikisha hospitali, na kutoka hapo ndipo Berthe alipotumwa kwa mama Orpa. Mbavu zilikuwa zimevunjika na damu inatoka ndani. Alhamisi alizungumza kidogo, hakuuliza juu ya maumivu yake, aliona Joyeuse yuko, aliona wajukuu, kisha akamuuliza mkewe, "Bariere iko na nani?" Mama Orpa alimwambia alale. Akauliza tena. Akauliza mpaka mganga akaja kumwomba anyamaze, akamuuliza hata mganga. Alifariki Ijumaa tarehe 13 Desemba 2002, saa kumi na moja za alfajiri, bila kupata jibu, na hilo ndilo lililomwelemea mama Orpa wakati anamfumba macho, zaidi ya yote mengine.

Jana mchana, watu wa kijiji cha Kavingu wakiwa wameshaivuta kamiyo pembeni na kulaza magogo ya mikaratusi juu ya pengo na magari yameanza kupita tena, Zacharie alifika kwenye kilio na kukaa nje ya ua, hakuthubutu kuingia, na Sikuli akachukua ukuni kutoka motoni akamwendea, wanaume wengine wakasimama nyuma yake. Wingu lilikuwa limeshajaa upande wa Beni. Mama Orpa alitoka ndani, akapita katikati yao, akasema, "Sikuli, rudisha ule ukuni, maharagwe hayajaiva," kisha akamgeukia dereva, "Zacharie, bashofere ya hii barabara unajua bote?" Akasema anawajua. "Na bote banakujua?" Akasema ndiyo. "Basi mvula iko inakuya. Wakiona mutu wa kwetu banakanyaga mafuta. Wakiona shofere mwenzao, batasimama. Bebana na Éliakim, endeni mufunge." Zacharie alianza kulia. Mama Orpa akamwambia, "Utalia kule kule, enda."

Walikwenda kwa pikipiki, wakachukua madereva wengine wawili kwenye parking, na mvua ikatukuta sote chini ya bashi ya kilio. Chakula kiliiva, kikapakuliwa, maharagwe, ndizi na ile sombe ya Jumatano ambayo Berthe aliimalizia kutwanga, lakini mama Orpa hakuruhusu mtu aguse, alikaa na mwiko mkononi akiangalia njia, chakula kinapoa. Giza lilipokuwa linaingia Éliakim na Zacharie walirudi, wamelowa, wamejaa matope hadi magotini, na Éliakim akasema, "Mama, magari makumi mbili na moja. Yote yalisimama. Bale shofere wawili bamebaki, kesho wengine watabapokea." Mama Orpa aliinuka, akahesabu kwa mwiko, Éliakim, Joyeuse na wawili wake, Jéthro, Élise, Sikuli, akamfikia Zacharie aliyesimama ukingoni mwa bashi, akampa sahani, akasema, "Bote bako. Mukule."

Familia inawashukuru waganga na wauguzi waliopigania uhai wake kwa dawa chache walizokuwa nazo, watu wa Kavingu waliombeba na kutengeneza njia tena, majirani wa Kimemi walioleta kuni, maji na mikeka, wenzake wa zamani wa kazi waliokuja kutoka mbali kwa miguu, na madereva, ambao tangu jana wamegawana zamu.

Baba Éliakim, uliuliza swali, ukaondoka bila jibu, nasi tunakujibu leo mbele ya hawa wote. Bariere ina watu. Sasa pumzika.