Siku Nne Bila Meseji ya Mena

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa duka la Dulcie, hapa Perrin's Cove, kusini kabisa mwa Newfoundland, mahali ambapo barabara ikifika inageuka irudi ilikotoka. Saa nne asubuhi kahawa huwa tayari na kila mtu ana nafasi yake. Kushoto anakaa Cyril Lambe, tunayemwita Waziri kwa sababu aligombea udiwani mara tatu, akashindwa mara tatu, na bado anatutawala. Katikati ni Gus Hillier, yaani Redio. Habari zote huzipata yeye kwanza, nusu yazo zikiwa na mikwaruzo. Mimi ni Breki, niliendesha basi la shule miaka thelathini na moja. Kulia ni pa Leander Bonnell, ambaye hana jina la utani, maana ni mpole kiasi kwamba hata kumtania unajiona umemwonea. Jumanne hiyo ya mwezi wa tano Leander alikuja na simu mkononi, ameishika kama yai bichi. Aliketi na hakugusa kahawa.

— Vipi, amepiga? Redio aliuliza.

— Hajapiga.

— Hata meseji?

— Hamna kitu. Leo siku ya nne.

Mkewe, Mena, au Shangazi Philomena kwa kijiji kizima, alikuwa Ureno. Mwezi wa pili ilikuja barua kutoka mji uitwao Ílhavo. Aliyeiandika ni mama mmoja, Deolinda. Alisema marehemu baba yake alikuwa baharia kwenye meli za Kireno zilizokuwa zikitia nanga St. John's zamani zile, na kabla hajafa alimwambia kwamba ana binti mwingine huku kwetu. Binti huyo ndiye Mena. Amefika miaka sitini na tisa akijua hana baba wala ndugu, halafu barua inamwambia dada yupo, hai, anamsubiri. Alikata tiketi wiki hiyo hiyo, na Ijumaa iliyopita akaondoka. Leander alibaki. Alisema safari ya namna hiyo mtu aiendee peke yake kwanza.

Sasa siku ya nne, na Leander alikuwa hajanyoa ndevu.

— Mimi naona betri imekufa, Redio alisema. Kule matundu ya umeme ni ya duara. Chaja yetu haiingii hata uipigie magoti.

— Alinunua kichwa cha chaja uwanja wa ndege, Waziri alijibu. Nilimwandikia kwenye karatasi. Bwana, ile simu nimeiandaa mimi mwenyewe! Zote mbili, ya Mena na ya huyu. Mena nikamwekea kifurushi cha safari, laini yake ya Kanada inafanya kazi Ulaya nzima, anaongea kama yuko jikoni kwake. Leander nikamwekea kile cha ndani ya Kanada tu, yeye haendi popote. Halafu nikawaambia wakate na simu ya nyumbani. Ya nini tena?

— Kwa hiyo simu ya nyumbani mmeikata? niliuliza.

— Tumekata, Leander alisema. Waziri alisema ni ya kizamani.

Nilimtazama Waziri. Waziri aliitazama kahawa yake.

— Basi tatizo haliko kwenye kifurushi, alisema baada ya kukohoa. Tatizo ni njia. Mnajua meseji inavyosafiri? Mtu akiwa nje na laini ya Kanada, meseji yake lazima irudi kwanza Kanada ikaguliwe, ndipo iende kwa mwenyewe. Inapita chini ya bahari, inakwenda mpaka Toronto. Na jana ilikuwa siku gani?

— Jumatatu.

— Sikukuu ya Malkia Viktoria! Ofisi zimefungwa. Meseji za watu zimelala mezani tangu Ijumaa.

— Meseji inalala mezani? Waziri, acha zako.

— Haya, niambie wewe inalala wapi.

Redio hakujua inalala wapi, lakini hilo halijawahi kumzuia.

— Mimi nitakwambia zilipo. Pwani hii ina akina Leander watatu. Kuna huyu, kuna yule fundi wa boti, na kuna Leander Fitzpatrick aliyefariki mwaka juzi. Namba mpya hazitengenezwi siku hizi, wanagawa za marehemu. Sasa hivi meseji za Mena zinaingia kwenye simu iliyozikwa pamoja na marehemu.

— Gus Hillier! Dulcie alitoka mlangoni na birika. Hebu mwonee huruma mwenzio! Mwanamume hajala tangu Ijumaa, na wewe unamletea makaburi.

— Basi sema wewe, Redio alinuna.

Dulcie alimimina kahawa kwanza. Naye ana mapenzi na hadithi ndefu, tatizo lake hajui pa kuzikatia.

— Mimi nasema yuko kwenye raha. Hebu fikirini. Kafika kule, kumbe yule baba aliacha mali. Labda kiwanda cha dagaa. Ndugu wamemkalisha kitini, mmoja analeta divai, mwingine anamsugua miguu, wanamwambia dada, kwa nini urudi kwenye baridi na ukungu? Kaa hapa, chumba hiki hapa, dirisha linatazama…

Alikuwa ameuona uso wa Leander.

Leander aliiweka simu juu ya goti.

— Hilo ndilo nililowaza, alisema polepole. Sikuwaza betri. Hatukupata watoto, mnajua. Miaka arobaini na nne, ni mimi naye tu mezani. Nilijua siku akipata watu wa damu yake, watu waliojaa nyumba… Nilimwambia aende. Nilimwambia kwa moyo mmoja. Lakini nilipokuwa namsindikiza niliona amefunga sanduku kubwa.

Waziri alimwekea mkono begani. Ninamfahamu Waziri tangu darasa la kwanza, na sikuwahi kumwona akifanya hivyo kwa mtu yeyote.

Hapo ndipo alipofika muuguzi mpya wa zahanati, Rowena Magsino, ambaye alikuwa na siku tatu tu kijijini. Alikuwa ametoka Winnipeg, na kabla ya hapo Ufilipino, na alikuja na kikombe chake mwenyewe kwa sababu Dulcie alimwambia jana yake kwamba watu wa hapa hufanya hivyo. Alisalimu, akapokea kahawa, akaona nyuso zetu.

— Kuna msiba?

— Bado, alisema Redio, na Dulcie akampiga begani kwa kitambaa cha vyombo.

Wakamsimulia wote kwa pamoja. Ureno, dada, kifurushi, Toronto, sikukuu, marehemu Fitzpatrick, dagaa. Rowena alisikiliza mpaka mwisho, akapuliza kahawa yake, kisha akamgeukia Leander.

— Samahani, Mjomba. Simu ya mama nimeelewa, iko Ureno. Hii ya kwako iko nchi gani?

Tulicheka. Waziri alicheka zaidi ya wote.

— Iko nchi gani? Mama, si hiyo hapo kwenye goti lake!

— Naiona. Nauliza iko nchi gani.

Kicheko kikaisha chenyewe. Rowena aliichukua ile simu na kuigeuza tuone. Pale juu, mahali penye vile vijiti vya mtandao, palikuwa patupu.

— Mimi nilipokaa hapa juzi, alisema, simu yangu iliniambia karibu Ufaransa. Nikadhani imechanganyikiwa. Kisha nikaona vile visiwa pale.

Alinyoosha kidole kuvuka maji. Ukungu ulikuwa umepanda kidogo, na visiwa vya Saint-Pierre, ambavyo mpaka leo ni mali ya Ufaransa, vilikuwa vimekaa palepale vinapokaa siku zote, na bendera yao ya Ufaransa, na mkate wao, na mnara wao wa simu.

— Mnara wa kule una nguvu kuliko wetu, ukiwa hapa kwenye benchi. Simu ya Mjomba inabisha hodi Ufaransa, na kwa kuwa kifurushi chake ni cha ndani ya Kanada tu, haifunguliwi. Nyumbani je, inashika?

— Nyumbani tuko bondeni, Leander alisema. Hakushiki kitu.

— Kwa hiyo tangu Ijumaa haijawahi kushika?

— Ilishika nyumbani kwangu! Waziri alidakia. Niliijaribu kwangu, juu kilimani, vijiti vyote vinne!

— Waziri, nilimuuliza, wewe ukitaka kupiga simu ukiwa hapa unakwenda wapi?

— Nyuma ya duka.

— Na wewe Redio?

— Nyuma ya duka, kwenye tangi la mafuta. Kila mtu anaju…

Sisi sote tunakwenda nyuma ya duka. Tumekwenda miaka kumi, ukuta unaziba Ufaransa na simu zinakuwa za Kanada, na tumezoea kiasi kwamba tungeulizwa kwa nini tungesema ni kukwepa upepo. Siku nne tulikuwa tukihangaika na Ulaya nzima, na hakuna hata mmoja aliyemwambia jirani yetu azunguke duka.

Leander alikuwa ameshaondoka. Sijamwona mtu huyo akikimbia tangu alipofukuzwa na mbuzi wa padri. Tukamfuata, Dulcie na birika lake, muuguzi na kikombe, Waziri na goti lake bovu. Tulimkuta amesimama kando ya tangi, mkono umenyooshwa juu.

Simu ikatetemeka. Ikanyamaza. Kisha ikatetemeka mfululizo, mpaka ikakaribia kumponyoka.

— Sina miwani, alisema. Dulcie, soma. Soma zote.

— Huenda kuna mambo ya ndani, Leander.

— Soma!

Dulcie akasoma. Meseji zilikuwa ishirini na tatu.

— "Nimefika. Ndege ilirukaruka, nimeshika mkono wa mtu nisiyemjua mpaka Lisboni." "Wamekuja kunipokea watu kumi na wanne. Nimebusiwa mara ishirini na nane." "Leander, dada ana vidole vyangu. Vidole vyangu kabisa, hata kile kilichopinda." "Najua unasoma. Usijisumbue kujibu, vidole vyako ni vinene, utabonyeza kitu kibaya."

— Alijua nasoma, Leander alisema. Alikuwa analia na kucheka, na hakujali yupi kati yetu anamwona.

— "Wanakula samaki wa chumvi kama sisi, ila wanamtia mafuta mpaka anaogelea tena." "Umekula supu niliyoacha kwenye friza?" Leander, umekula?

— Endelea!

— "Nimepelekwa kaburini kwa baba. Nilidhani nitamkasirikia. Nilimsalimia tu." Hii hapa ni picha.

Tukasongamana. Wanawake wawili wamesimama mbele ya nyumba yenye milia ya buluu na nyeupe, mmoja Mena, wa pili Mena mwingine aliyechomwa na jua, wote wawili wamekunja mikono kifuani kwa namna ileile ambayo Mena huikunja ukiwa umemkanyagia sakafu iliyopigwa deki. Redio alivua kofia.

— Endelea, Leander alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Iliyobaki inasemaje?

Dulcie alisoma moja kimoyomoyo, akamtazama, kisha akaisoma.

— "Wanataka nikae mpaka mwezi wa tisa."

Leander alitikisa kichwa, kama mtu aliyekwisha kulijua jambo.

— Kuna nyingine, Dulcie alisema. "Nimewaambia haiwezekani, mume wangu hajui hata kuchemsha yai. Wamekaa kikao, watu kumi na wanne. Wamekubaliana uje wewe. Chumba kipo. Mimi nimesema ndiyo kwa niaba yako, ukikataa ujue umenivunjia heshima."

Mkono wa Leander ulishuka. Alitazama tangi, akatutazama sisi, akatazama tena tangi.

— Mimi? alisema. Niende Ureno?

Waziri alianza kueleza mara moja kuhusu vifurushi, kwamba kuna cha siku na kuna cha mwezi, na kwamba lazima data izimwe kabla ndege haijaacha ardhi. Rowena alimgusa kiwiko akanyamaza, maana Leander alikuwa ameshabonyeza jina la mkewe na kuiweka simu sikioni kwa mikono yote miwili. Iliita mara moja tu.

— Leander! Tulimsikia sote, karibu kabisa, kama yuko upande wa pili wa ukuta. Hatimaye! Umezipata?

— Nimezipata sasa hivi. Zote.

— Sasa hivi? Siku zote hizo ulikuwa wapi?

Leander alifikiri.

— Nitakueleza nikifika, alisema.

Tukamsikia Mena akisema jambo kwa watu waliokuwa karibu naye, na nyumba nzima ikalipuka, viti vikiburutwa, mtu akipiga meza, watoto, wazee, sauti zikirushwa juu ya nyingine, mpaka Leander akalazimika kuisogeza simu mbali na sikio. Walikuwa wanaita jina, jina lake, ila wao walikuwa wamekwisha kulishona upya kwa lugha yao.

— Leandro! Leandro! Leandro!

Alivuta shati lake likae vizuri, akapitisha kiganja kwenye ndevu zake za siku nne, na kuirudisha simu mdomoni.

— Naam, alisema. Ndiye mimi.