Tobo la Ukuta wa Stesheni

Benchi letu limeegemea ukuta wa stesheni ya treni, kando ya tobo. Aliyelitoboa hajulikani, ila mimi nasema ni mtu aliyechelewa kazini, na alitumia kichwa. Asubuhi watu wanapita hapo wengi mpaka ukuta unatoka jasho, na kila anayepita anapitia kwanza kwa Shangazi, muuza kahawa, ambaye birika lake halijapoa tangu enzi za Nuhu. Leo tumeamka tukakuta wamebandika mchoro wa mradi. Stesheni mpya, ghorofa za kupangisha, maduka chini yake, njia pana za waendao kwa miguu, miti. Geti moja tu, lile la upande wa pili. Upande wetu ni ukuta mzima, hauna hata tundu la mende. Chini wameandika: mwenye maoni ayapeleke ofisi ya mradi, mwisho leo saa kumi jioni.

— Mimi nimeuangalia kwa jicho moja nikauelewa, niliwaambia. La pili nimeliweka akiba. Shangazi, hapo ulipokaa pamechorwa bustani.

— Bustani ya nani? Shangazi akauliza. Alikuwa anafuta kikombe kile kile tangu tufike.

Fundi Soli, mshona viatu anayekaa mwisho wa benchi, akatoa sindano mdomoni.

— Ya wa ghorofani. Wakifungua dirisha wanataka kuona maua, hawataki kukuona wewe na moshi wako.

— Wahenga walishasema, akadakia Redio, kinyozi wetu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hatukuziba, sasa wenzetu wanajenga. Hao wahenga nao walikuwa na tenda humu.

— Redio, punguza sauti, akasema Fundi.

— Sipunguzi. Ghorofa hizo zina magurudumu chini. Wakizichoka wanazifunga kwenye treni, zinahama na wapangaji wakiwa wamelala.

— Hilo dogo, nikasema. Ukuta wenyewe utakuwa mrefu mpaka kunguru akitaka kuvuka atakata tiketi. Ukiuegemea usingizini, unaamka nchi ya jirani unadaiwa pasipoti.

Siku nyingine wangeangua kicheko. Leo hata Redio alikohoa tu.

— Mimi nataka kujua kitu kimoja, akasema Shangazi. Watu wote hawa wanaopita hapa, mchoraji hakuwaona?

Fundi Soli akainamia kiatu kama kimemwita.

— Yule dada wa fulana ya njano, akasema taratibu. Alikuja siku ile ulipompeleka mtoto hospitali. Akauliza watu wa huku wanaingilia wapi stesheni. Tukadhani ni wa kutoza faini wanaopita tobo.

— Mkamwambiaje?

— Kwamba hapa hapapiti mtu.

— Mimi nilisema hata paka hapiti, nikaongezea. Fundi akalitandikia tobo turubai, Redio akakaa mbele yake. Abiria wawili walikwama upande wa pili, tukawaashiria kwa mguu wasipige chafya.

— Mlikuwa mnalinda tobo.

— Tulikulinda wewe, Shangazi. Siri ya mtungi aijuaye kata, alisema Redio.

— Kata hiyo hiyo imevunja mtungi wangu. Nendeni ofisini mkaseme ukweli, kabla ya saa kumi.

— Tukisema tunapita, watatutoza faini kwa kila siku tuliyopita, alisema Fundi.

— Na za marehemu baba zetu, alisema Redio. Watawafukua wakalipe.

— Viatu vyangu peke yake vitafungwa maisha, nikasema.

— Wanangu wanakula kwa tobo hilo, akasema Shangazi.

Hapo akatokea bibi mmoja mgeni kwenye kiti cha magurudumu, binti yake anasukuma huku anahema. Tukamwamkia.

— Marahaba, wanangu. Nimehamia hapo nyuma kwa binti yangu. Natafuta treni ya kwenda kliniki.

— Zungukia geti kubwa, bibi, alisema Fundi.

— Nimetoka huko. Kuna ngazi za kupanda, halafu za kushuka. Wakaniambia watu wote wa huku wanapita hapa.

Akalitazama tobo, akatazama magurudumu yake, halafu akatutazama sisi mmoja mmoja.

— Sasa mimi napita wapi?

Nikafungua mdomo. Mdomo huu umewahi kuchelewesha treni kwa hadithi moja. Ulitoka upepo. Fundi akalipima tobo kwa macho, akaacha. Redio akaanza kusafisha mashine yake ya kunyolea, safi ilivyo.

Shangazi akakiweka kikombe chini.

— Bibi, twende ofisi ya mradi, ukawaulize wao hivyo hivyo. Na mimi nina langu. Nani anakuja kusema aliyomwambia yule dada?

Wakasubiri kidogo. Kisha wakaondoka, Shangazi mbele akiwaonyesha mashimo ya kukwepa. Birika lilibaki juu ya makaa, limejaa, linachemka, na sisi watatu tumekaa na vikombe vitupu. Hakuna aliyenyoosha mkono kumimina.