Kibao Kipya cha Fundi Cherehani

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya duka la Fundi Cherehani, na birika la kahawa ambayo kila mtu anakunywa na hakuna anayechangia sukari. Juzi mshonaji wa ng'ambo ya barabara alitundika kibao cha Kiingereza: beta, yaani yeye ni bora kuliko wengine. Wateja wakaanza kuvuka. Fundi wetu akakosa usingizi, akamwita Mchora Vibao, naye Mchora Vibao haandiki kitu mpaka Profesa akubali. Uprofesa wenyewe ni wa jina tu. Mtihani wa Kiingereza aliurudia hadi msimamizi akamzoea. Nikawakuta wanabishana, brashi imekauka.

— Andika "veri beta," alisema Fundi. Yule jamaa akione ang'oe cha kwake mwenyewe.

— Thubutu! Profesa akaruka. "Veri" haikai na "beta" hata kwa gundi. Sema "machi beta."

— Watu si watadhani nafungua mwezi wa tatu?

— Basi "fa beta," yaani bora kwa mbali.

— Mbona kaneno kadogo hivyo?

— Wembamba wa reli, treni inapita.

Mchora Vibao akachovya brashi, akasita.

— Tukiyaweka yote? Haba na haba hujaza kibaba.

— Enhee! Profesa macho yakamtoka. Na "stili" juu yake, na "iveni"! Kiingereza cha kuandikwa, ukikirundika, watu wananyamaza.

— Na jirani akijibu? akauliza Fundi.

— Atajibu na nini? Maneno yote tumeshayamaliza sisi!

Nami, kwa unafiki wangu, nikaitikia na kujimiminia kahawa. Hapo akatokea mama mmoja aliyekuwa ameleta kitambaa cha gauni la kumwozea bintiye.

— Hamjambo? Fundi, gauni langu limefikia wapi?

— Subiri kibao, mama. Mimi ni bora kuliko yule, tena sana, tena mno.

— Sawa, baba. Nionyeshe nguo moja tu uliyoimaliza tangu muanze hicho kibao.

Profesa akachungulia kikombe chake. Fundi akaingia ndani, akarudi na kitambaa kikiwa kimekunjwa vilevile kilivyoletwa. Mama hakugomba. Alikipokea, akaaga kwa adabu, akavuka barabara. Nilimwonea Fundi huruma, maana huyo ndiye aliyekuwa mteja wake wa mwisho.

— Sasa, akauliza Mchora Vibao, niandike ipi?