Nyundo Aliyejifunza Kupumua

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mkata nyama wa machinjioni. Walimwita Nyundo, kwa sababu ya ngumi yake. Ngumi moja tu, mtu chali.

Tusidanganyane. Marehemu alikuwa mkorofi. Alimvunja pua mpima mizani kwa kuambiwa asubiri zamu yake. Nyumbani alimvunja mkewe taya. Taya, wasikilizaji, la mkewe mwenyewe! Mama wa watu akamchukua binti yao, akahamia kwa dada yake.

Presha ikampanda Nyundo, nusura imuue. Daktari akamsukumia kwenye darasa la yoga la nesi mmoja mstaafu. Siku ya kwanza aliinama, suruali ikapasuka, watu wakaangua kicheko. Akainuka amekunja ngumi.

"Uko wapi sasa hivi?" nesi akamuuliza.

"Si nipo hapa!"

"Basi kaa hapo hapo. Vuta pumzi."

Akakaa, akavuta pumzi kwa hasira. Wiki iliyofuata akarudi. Kazini nako akabadilika. Akinoa kisu, ananoa kisu tu. Akiosha damu sakafuni, anaosha damu tu. Wenzake wakadhani amerogwa.

Kila Jumapili alikwenda kwa shemeji yake, akaketi kizingitini, viganja wazi magotini. Hakubisha hodi. Binti asipofungua, anaondoka.

"Shemeji, hapa si polisi, hatupokei wanaojisalimisha!" shemeji alimpigia kelele dirishani.

Miezi ikapita mlango umefungwa. Halafu Jumapili moja binti akafungua, akampa maji ya kunywa. Nyundo alilia kama mtoto.

Mwezi uliopita, asubuhi, wakata nyama wawili waligombania ndoano ya kutundikia nyama. Mmoja akachomoa kisu. Nyundo akaingia kati. Kisu kikamzamia chini ya mbavu. Kikatoka, kikazama tena.

Mwenzake wa kazini anasimulia: "Alimdaka mkono. Ule mkono angeuvunja kama kijiti, na sisi tulisubiri auvunje. Akaushika tu. Akamwambia, 'Pumua, mdogo wangu. Pumua.' Mpaka kisu kikaanguka."

Nyundo naye akaanguka. Alikata roho kabla ya kufika hospitali. Hakumpiga mtu.

Binti yake anasema: "Nilikuwa nimeanza tu kumzoea baba."

Mkewe hakwenda mazikoni. Msimseme vibaya. Alitupa ruhusa tusome maneno yake: "Alibadilika, nakiri. Lakini nikitafuna, taya bado linauma."

Pole zetu zimfikie binti, na shemeji, na wenzake wa machinjioni. Pole ya pekee imfikie mama huyo, ambaye alistahili kupewa pole miaka mingi kabla ya msiba huu.

Nawe unayetusikiliza, kaa kimya kidogo, uvute pumzi. Kisha ujiulize: ukiingia nyumbani kwako, ni nani huacha kuongea?