Mguu Uleule, Mara ya Tatu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena! Mkisita kuitikia sitawalaumu. Hii ni mara ya tatu nasimama hapa mbele kwa ajili ya mguu uleule, na mara mbili za kwanza mlinipigia makofi mpaka mabati yakaitikia. Leo naomba mnisikilize kwanza. Makofi yatajua yenyewe pa kuingia.

Kwa mgeni asiyenijua, naitwa Nafula. Ninakaa Mowlem, nauza samaki wa kukaanga. Mimi ndiye mkubwa kwetu. Baba alitangulia, mama akamfuata, nami nikaacha shule nikiwa darasa la saba nikawa mama wa wadogo zangu kabla sijajua hata kujisuka vizuri. Anayenifuata ni Wekesa. Huyo ndiye mwenye mguu.

Wekesa alikuwa kibarua wa mjengo kule Kware, akibeba mawe kupanda ghorofa. Siku moja ubao aliokanyaga ulikatika, akaanguka, mfupa wa muundi ukavunjika vipande. Kwenye hospitali kubwa walimfungua, wakaunga mfupa kwa kipande cha chuma, wakakikaza kwa skrubu, wakashona. Nilipoambiwa kwamba ndani ya mdogo wangu kuna chuma na skrubu kama kwenye mlango, nilicheka na kulia kwa pamoja.

Kidonda kilifunga vizuri. Halafu pakatokea tundu dogo kama la kifungo, likaanza kutoa usaha. Akapewa vidonge, tundu likaziba. Hapo ndipo niliposimama mara ya kwanza. Mnakumbuka? Niliruka hadi kiatu kikanivuka! Vidonge vilipoisha, tundu likarudi palepale.

Ndugu zangu, nilichanganyikiwa. Kidonda kinachokataa kupona unakielewa. Lakini kidonda kinachopona, kikakuacha umshukuru Mungu mbele za watu, kisha kikafunguka, hicho ni cha namna gani? Baba mdogo aliandika kutoka nyumbani kwamba kuna mtu amemfunga kijana mguu kwa uchawi, aletwe haraka. Jirani yangu Mama Njoki alisema ni chuma kimeshika kutu. Ndugu mmoja wa maombi aliniuliza taratibu kama kuna dhambi nyumbani ambayo hatujaitubu. Nilitubu zote nilizozijua. Nikaongeza na za marehemu.

Tukarudi hospitali. Wakachukua usaha kwa kijiti cha pamba, wakakitia kwenye chupa, nikapewa mimi niipeleke maabara. Mliowahi kuuguza mnajua: mgonjwa akilala, ndugu yake ndiye miguu ya chupa. Niliporudi kuchukua majibu, yule wa dirishani akasema hakuna kilichoota.

"Maana yake nini, ndugu?"

"Maana yake hatukuona mdudu, mama. Furahi uende nyumbani."

Nikafurahi! Nilikimbilia kibanda cha simu nikampigia mchungaji, sarafu ikaisha, simu ikakatika nikiwa kwenye neno "hakuna". Wakati huo Wekesa alikuwa tena kwenye vidonge na tundu lilikuwa limeziba. Basi Jumapili nikasimama mara ya pili, nikasema hata sayansi imekiri! Mkaimba. Wekesa alikuwa benchi la nyuma, akipiga makofi kuliko watu wote.

Baada ya hapo akaanza kuvaa suruali ndefu hata kwenye jua kali. Akawa anaoga akiwa wa mwisho, anafua nguo zake mwenyewe, na poda ya mtoto wetu mdogo ikawa inaisha bila mtoto kupakwa. Mimi sikuona kitu. Aliyeona ni Mama Njoki.

"Nafula, kuna harufu kwako."

"Mama Njoki, mimi nauza samaki. Ulitaka ninuke waridi?"

"Samaki wako wananuka ziwa. Hii inanuka wodi."

Nikaingia ndani nikamwambia Wekesa apandishe suruali. Akakataa.

"Sista, si ulishashuhudia?"

"Nilishuhudia nini?"

"Kwamba nimepona. Nikionekana na usaha watasema Mungu wako ni mwongo. Ama wewe."

Nikaipandisha mwenyewe. Sitaeleza nilichokiona, watoto wamo humu. Nitasema tu kwamba alikuwa amejaza matambara juu ya poda, na mwili wake ulikuwa wa moto kama karai langu la mafuta. Kijana alikuwa anaoza mguu ili ushuhuda wangu ubaki mzima! Nilikaa chini sakafuni. Nilitaka kumkemea shetani, ila sikujua nielekeze mkono wapi.

Nikamrudisha hospitali. Daktari wa mifupa, mtu mpole mwenye macho ya kukosa usingizi, alituambia ukweli. Usaha umepimwa mara kwa mara. Mara hakuna kitu, mara ni wadudu wa kawaida wa ngozini, ambao hudhaniwa wameingia kwenye chupa kwa bahati mbaya. "Napigana na adui ambaye sijamwona," alisema. "Ugonjwa ukizidi kupanda, itabidi nikate chini ya goti."

Wekesa akageukia ukuta. "Daktari, umewahi kuona kibarua wa mjengo mwenye mguu mmoja?"

Daktari alivuta kiti karibu na kitanda. Alisema kabla ya kukata atafungua tena, atatoa skrubu moja iliyolegea, na safari hii maabara watapima skrubu yenyewe badala ya usaha.

Nikaibeba. Skrubu ndogo ndani ya chupa, imetoka kwenye mfupa wa mwana wa mama yangu, nami natembea nayo kwenye korido ndefu kama mtu aliyebeba yai. Nilijaribu kuomba nikashindwa. Jioni ile ndugu wa maombi walikuja wodini wakashikana mikono kuzunguka kitanda. "Bwana, wapime wasione kitu!" Wote wakasema amina. Mimi nilifunga mdomo. Moyoni nilikuwa nasema, Bwana, waone. Tafadhali, waone. Mara ya kwanza tundu liliziba, ya pili hawakuona kitu, zote mbili nikaruka kwa furaha, na mguu ukazidi kuoza. Nilimwomba Mungu wa mbinguni wadudu wapatikane kwa mdogo wangu! Ilikuwa imani au ilikuwa kukosa imani?

Maabara nilimkuta dada mmoja mwenye koti jeupe, vidole vimeingia rangi nyekundu. Nilipofuata majibu akaniambia, "Wameota. Ni wale wa ngozini. Hawa kila mtu anao, hata mimi."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo ni bure tena?"

"Nimesema ni bure? Wa ngozini wako wa namna mbili. Wengine ni wapita njia. Wengine wakikuta chuma wanahamia na kujijengea. Nataka kujua wako ni wa namna gani. Rudi kesho."

Kesho yake nilifika kabla hajavaa koti. Akanionyesha vichupa viwili vyembamba vya kioo. Alikuwa ameweka ndani yake kitu kama supu, kimoja akatia wadudu wengine wa kulinganisha, cha pili akatia wa Wekesa, akavilaza kwenye joto. Sasa akamwaga supu mbele yangu, akasuuza kwa maji, akatia rangi nyekundu, akaimwaga nayo. Kichupa cha kwanza kikabaki cheupe. Cha Wekesa, ndugu zangu! Wekundu uliganda kwenye kuta za kioo pande zote, kama ukoko wa uji kwenye sufuria. Alisuuza tena. Haukutoka.

"Huu ni utando," akasema. "Wametoa ute, wakajifunika nao, wakashikamana na chuma. Vidonge vinaua wanaozurura nje kwenye usaha, kidonda kinaziba. Walio chini ya utando wanangoja dawa iishe. Na pamba inagusa huku nje tu."

Nikapiga kelele humo ndani. "Kumbe ni kama mtungi!"

"Mtungi gani?"

"Mtungi wa maji! Ukikaa na maji siku nyingi ndani kunakuwa na utelezi. Suuza unavyotaka, kesho unateleza vilevile. Mpaka utie mchanga na kokoto utikise hadi mabega yaume. Na ukizeeka sana unautupa."

Akacheka akashika meza. "Nani alikufundisha haya?"

"Mifereji ya Mowlem. Haina maji."

"Basi kamwambie mgonjwa wako mtungi wake umezeeka. Daktari nitamwambia mimi."

Na daktari alielewa mara moja. Hakukata mguu! Alitoa chuma chote na kila skrubu, akakwangua mfupa, akaosha na kuosha, akamfunga plasta yenye dirisha la kuangalizia kidonda. Dawa kali ikapitishwa kwenye mshipa, iliyochaguliwa kwa wadudu walewale walioonekana. Wekesa alikaa wodini siku nyingi hadi wauguzi wakawa wanamtuma kuwaamsha wagonjwa wenzake.

Alipotoka, mchungaji aliniuliza kama nitasimama Jumapili. Nikasema, ngoja. Dawa zikaisha, nikasema, ngoja. Mvua zikaja zikaondoka, tundu halikurudi, nikasema, ngoja. Wengine mlidhani nimepoa. Sikupoa, ndugu zangu, nilikuwa natazama mguu.

Leo Wekesa yuko mjengoni tena. Habebi mawe, anakunja nondo akiwa amekaa. Mguu umekuwa mfupi kidogo na anachechemea, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba alirudishiwa kama alivyokuwa. Hakurudishiwa. Lakini ni wake, na uko hai. Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari, na yule dada wa vidole vyekundu, ambaye nilimpelekea samaki akauliza kama nimemtia pilipili.

Kuna mengi bado siyaelewi. Kwa nini Bwana aliniacha niimbe mara mbili juu ya kitu ambacho hakikuwa kimefika? Kwa nini hakuna kilichoota kwenye chupa ya kwanza? Nimeuliza nikipiga magoti, nimeuliza nikigeuza samaki. Sijajibiwa. Ila najua kwamba siku niliyoomba jambo lililoonekana baya, nilisikiwa.

Basi nikuambie wewe uliyewahi kusimama hapa ukashangiliwa, kisha shida ikarudi ukaona aibu kutuambia. Usijaze matambara. Usipake poda. Mungu hahitaji umfichie usaha, na sisi tutalizoea lile tundu. Mtumaini yeye aonaye chini ya utando, kisha beba chupa yako uende inakopimwa.

Tangu asubuhi nasikia wazee wakinong'ona kwa nini kijana mzima amekuja ibadani na kaptula. Ni mimi niliyemfichia suruali. Wekesa, inuka. Njoo hapa mbele, taratibu, hatuna haraka. Litazameni kovu. Anayetaka kuligusa aliguse. Na likifunguka tena mtalijua siku hiyohiyo kutoka kwangu, maana nitasimama mara ya nne kwa mguu huuhuu, na nitaanza vilevile: Bwana asifiwe!