Marcelina Gervasi Ntahondi: Mwalimu Ambaye Hakumkimbia Majeruhi

Marehemu Marcelina alizaliwa Kagunga tarehe 4 Machi 1971, mtoto wa tatu wa Mzee Gervasi, mvuvi wa dagaa. Alisoma shule ya msingi hukohuko, sekondari mjini Kigoma, akahitimu uuguzi mwaka 1994. Mwaka 1996 alifunga ndoa na Alphonce Bigera, wakajenga Kasingirima.

Kuanzia mwaka 2016 aliwafundisha wahudumu wa magari ya wagonjwa namna ya kuamua nani ahudumiwe kwanza, majeruhi wakiwa wengi na ajali ikiwa na mionzi. Vifaa hakupewa. Alichota unga wa muhogo jikoni kwake, akawamwagia wanafunzi, akawaambia hilo ndilo vumbi lenye mionzi. “Zuia damu kwanza. Kisha mvue nguo, vumbi karibu lote linatoka nazo. Anayepiga kelele anapumua, mtafute aliyenyamaza.” Alphonce akirudi hukuta ndoo ya unga tupu. “Mama Diana,” aliuliza siku moja, “leo tunakula mionzi?” Marcelina alicheka mpaka akakaa chini.

Agosti 2023, lori lililobeba vibarua na chombo chenye mionzi cha kupimia udongo wa barabara lilipinduka karibu na Mwandiga. Watu walipoiona kwenye chombo alama ya njano ya hatari ya mionzi walitimua mbio, kisha wakasimama mbali kupiga picha huku wenzao wakivuja damu. Aibu iliyoje! Marcelina na wanafunzi wake waliingia kuwahudumia. Kila aliyekuwa bado anapumua alifika hospitali akiwa hai. Chombo kilikutwa hakijapasuka, naye Marcelina alipimwa akakutwa salama.

Shukrani yake ikawa nini? Majirani waliacha kumpa mkono, wakihofia atawaambukiza mionzi. Jumuiya yake ya kanisa ikahamisha sala kutoka nyumbani kwake. Kwenye harusi ya binti yake Diana, chakula alichopika hakikuguswa. Lililomuuma zaidi ni hilo. “Niliwafundisha wahudumu,” alisema, “kumbe wa kufundishwa walikuwa jirani zangu.”

Figo zake, zilizochakazwa na shinikizo la damu aliloanza kutibiwa mwaka 2015, zilishindwa, akafariki tarehe 11 Mei 2025. Hata hapo wapo waliosema ni mionzi. Ni uongo, na familia inaukanusha uongo huo mbele ya jeneza lake. Jana walipokosekana wa kumwosha, wanafunzi wake Frida na Scola walimwosha kwa maji na sabuni, kama anavyooshwa mtu yeyote.

Ameacha mume, binti yake Diana, mwanawe Meshack na mjukuu mmoja. Apumzike kwa amani, maana sisi hatukumpa. Nanyi mliosimama ng'ambo ya barabara, sogeeni mbebe jeneza. Haambukizi, wala hakuwahi kuambukiza.